Mashine Iliyovaa Koti

Chumba kilikuwa kimoja, lakini kilifanya kazi ya vyumba vitatu. Upande wa dirisha kulikuwa na cherehani na meza ya kukatia vitambaa. Upande wa ukutani kulikuwa na kitanda. Katikati, kwenye kiti cha mikono, alikaa mume wa mshonaji, kinyozi wa zamani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio.

Hakuitwa Redio bure. Kwa miaka thelathini alinyoa vichwa vya watu, na kwa miaka hiyo yote hakufunga mdomo. Watu walikuja kunyolewa hata nywele zikiwa hazijaota, ilimradi wasikie leo Redio ana habari gani. Alijua nani kagombana na mkewe, nani kaachishwa kazi, na timu gani itashinda kesho. Kuhusu timu alikosea mara nyingi. Hakuna aliyejali.

Halafu kiharusi kikamwangusha. Ilikuwa asubuhi, akiwa ameshika mashine ya kunyolea. Mkono wa kulia ukapooza. Mguu ukawa mzito. Ulimi nao ukagoma. Alipotaka kusema "maji", ilitoka sauti ya kukoroma tu. Akili ilikuwa palepale, na utani palepale. Vilikosa mlango wa kutokea.

Mkewe alimpa kalamu. Mkono wa kushoto ulitetemeka, herufi zikapandana kama nyuzi zilizofungamana. Akampa simu yao ya vitufe. Kidole kilibonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Ndipo binti yao, aliyeolewa mbali, alipopata laptopu mpya, akawaletea yake ya zamani. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa na vimeachana.

"Baba atabonyeza taratibu, kimoja kimoja," alisema binti. "Mama atasoma."

Hapo mshonaji aliinamisha kichwa. Alijua namba za futi ya kupimia nguo, basi. Kusoma hakujua.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alinunua daftari, penseli na ufutio, akajiunga na darasa la watu wazima. Majirani walicheka. Walisema kapata wazimu wa uzeeni, anatafuta cheti cha kuzikwa nacho. Aliwajibu kwamba hatafuti cheti, anamtafuta mume wake.

Na alimpata. Baada ya miezi saba, kila asubuhi Redio alibonyeza kwa kidole kimoja, herufi kubwa kubwa. Mshonaji alisimama nyuma ya kiti, futi shingoni, akisoma silabi kwa silabi.

"Cha-i... hi-i... ni ma-ji... ya ku-na-wi-a."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Chai ilikuwa kweli haina rangi. Redio alikuwa amerudi hewani.

Mshonaji aliipenda sana mashine ile ya binti. Na yeye, kitu anachokipenda hukivisha. Alichukua mabaki ya kitambaa cha sare za shule, akaweka sponji katikati, akaishonea koti. Koti lilifunika tumbo, mgongo na mbavu zote. Aliacha uwazi wa vitufe na wa kioo, na tundu dogo la kupitisha waya. Akaweka vifungo vinne. Chumba kilijaa vumbi la vitambaa tangu asubuhi mpaka jioni, na aliapa kwamba vumbi hilo halitaingia humo.

Basi mashine ikafanya kazi ikiwa ndani ya koti, juu ya mto, kwenye mapaja ya Redio. Jioni hawakuizima. Mshonaji alifunika kioo tu, akafunga vifungo, akasema, "Haya, lala."

Koti lilikuwa na wiki tatu asubuhi ile Redio alipoanza kuandika, akasita, akaweka kiganja juu ya koti, kisha akaendelea. Mshonaji alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aligeuka, akasoma polepole:

"Ma-ma... hi-i... ma-shi-ne... i-na..."

Kioo kikawa cheusi.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Taa ndogo iliwaka. Mashine ikalia mara tatu, ti, ti, ti. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Ikalia tena mara tatu.

"Ina nini?" aliuliza. "Baba watoto, mashine ina nini?"

Redio alipigapiga koti kwa mkono wa kushoto.

"Ndiyo, koti ninaliona. Mashine ndiyo ninayouliza, ina nini?"

Redio alikamata kifungo kimoja, akakivuta kwa nguvu. Mshonaji alidhani amepandwa na hasira na anataka kuichana nguo yote. Akamnyang'anya mashine taratibu, akaiweka juu ya rafu. Redio akafungua mdomo. Ilitoka ile sauti ya kukoroma, ndefu, halafu machozi.

Siku ya pili alikuja shemeji, mdogo wake Redio. Shemeji ni mchomeleaji wa mageti, mtu mwema, lakini kila kitu kwake ni chuma.

"Mashine za zamani zinataka kushtuliwa," alisema. Akaitikisa. Akaipiga kofi mgongoni. Ikalia mara tatu.

"Unaona? Imekohoa," alisema shemeji. "Hii ina unyevu tu. Iende juani."

Akaianika juu ya bati tangu asubuhi mpaka mchana. Haikuwaka. Akasikia kwamba mchele hunyonya maji kwenye simu zilizolowa. Mashine haikuwahi kuona hata tone la maji, lakini ilizikwa kwenye gunia la mchele siku mbili. Ilipofukuliwa ilikuwa na punje kwenye matundu yote, na ililia mara tatu kama kawaida yake.

"Shemeji, nimefika mwisho," alisema mchomeleaji, akijifuta mikono. "Lakini nawe ujikaze. Kaka ndiyo hivyo tena. Mzoee alivyo."

"Nilikuwa nimeshamzoea anaongea," alijibu mshonaji.

Siku ya sita aliibeba mpaka sokoni, kwa kijana anayetengeneza simu. Kijana hakuifungua. Alibonyeza kitufe, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Imekufa hii, mama. Ubao mkuu umeungua. Niachie nichukue vipuri."

"Haiwezekani kabisa?"

"Kabisa. Ingekuwa mtu, ningekuambia ukachimbe kaburi."

Mshonaji aliirudisha kwenye koti lake, akafunga vifungo vinne, akaondoka nayo kifuani. Njiani mtu alimsalimia mara mbili asimsikie. Alikuwa akiwaza maneno yale manne. Mama, hii mashine ina. Ina nini? Alikuwa na mume aliyebaki na sentensi nusu, na yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa mashine. Kama imekufa, imekufia mikononi mwake.

Nyumbani alimweleza Redio ukweli. Aliona heri amwambie kuliko kumzungusha.

"Wanasema imeungua, baba watoto. Haitawaka tena."

Redio akageuza uso ukutani.

Kuanzia siku hiyo alikula vijiko viwili, vitatu, akafumba mdomo. Hakukoroma tena kuomba kitu. Wateja walipoingia hakuinua macho. Zamani, hata baada ya kiharusi, alikuwa akikonyeza mtu kwa jicho moja. Sasa hata jicho lilinyamaza. Mshonaji alikata kitambaa cha ovaroli ya mteja mmoja, akakosea vipimo, akakiacha mezani na mkasi juu yake. Darasani pia alikuwa hajaenda tangu mashine ilipozima. Angeenda kusoma nini, na cha nani?

Siku ya tisa alitoka kuchota maji. Aliporudi, alimkuta Redio ameinama, anahema. Alikuwa amevuta begi lake la kazi kutoka chini ya kitanda. Mkononi alikuwa na mashine yake ya kunyolea na ile brashi laini ya kupangusia nywele shingoni. Alimwashiria mkewe aje. Akaviweka vyote viwili kwenye kiganja cha mkewe, akamkunja vidole juu yavyo, akamtazama usoni.

Baba mzazi wa mshonaji alifanya vivyo hivyo. Alimwita, akampa saa yake ya mkononi, na kabla wiki haijaisha walimzika.

"Usinipe," alisema. "Sitaki. Vitu vyako ni vyako. Hujaenda popote."

Redio alitikisa kichwa. Akapiga mkono wa kiti mara tatu. Akaonyesha rafu. Akaonyesha brashi.

"Nimekuambia sitaki," alisema mshonaji, akaviweka kitandani, akaketi sakafuni na kulia kwa sauti. Hakulia hivyo hata siku ya kiharusi. Redio alitoa sauti moja ya kukata tamaa, akaurudisha uso wake ukutani. Mashine ya kunyolea na brashi vilibaki kitandani, hakuna aliyevigusa.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, hodi ilibishwa mlangoni. Aliyeingia alikuwa mwenye ile ovaroli. Ni mwanamke wa makamo anayetengeneza kompyuta za shule na ofisi za mtaa. Miwani yake hukaa kwenye paji la uso kutwa nzima, naye hukaa akiitafuta, kwa hiyo watu humwita Miwani. Yeye na mshonaji huitana fundi, lakini mshonaji alidhani anatengeneza zile kompyuta kubwa za mezani tu.

"Fundi, nguo yangu iko wapi? Uliniambia Jumatatu, leo ni Alhamisi."

"Iko hapo. Nimeiharibu."

Miwani alitazama kitambaa, kisha akamtazama mshonaji. "Unaumwa?"

"Siumwi. Mume wangu amenyamaza."

"Si alinyamaza tangu mwaka jana?"

"Mwaka jana alipoteza ulimi," alisema mshonaji. "Kunyamaza amenyamaza sasa."

Akamsimulia yote: mashine, milio mitatu, bati, mchele, kijana wa sokoni. Miwani alivuta kiti akakaa.

"Huyo kijana aliifungua?"

"Hapana."

"Sasa ameonaje kwamba imeungua? Ilete."

Mshonaji aliishusha kutoka rafuni. Mikono haikuwa na haraka. Matumaini yalikuwa yamemtesa vya kutosha, na hakutaka mengine. Miwani aliipokea, akaligeuza lile koti huku na huku.

"Umeshona vizuri," alisema. "Ulikuwa unalivua wakati mashine inafanya kazi?"

"Kulivua? Nililishona ili vumbi lisiingie. Silivui."

"Jioni mlikuwa mnaizima?"

"Tulikuwa tunaifunika inalala."

Miwani alishusha miwani machoni. "Fundi, usiudhike. Nikikuvisha koti la sponji, nikakuziba pua, halafu nikakuambia ushone kutwa kucha, utafika wapi? Mashine hii inahema. Ndani ina feni. Inavuta hewa huku chini, inatoa joto hapa ubavuni. Umeziba kote. Na kufunika kioo siyo kuizima. Inaweza kuendelea kufanya kazi humo ndani, huku imefungwa vifungo."

Kule kwenye kiti, Redio aligeuka kutoka ukutani.

Miwani alichomoa waya wa umeme kwanza. Alimwonyesha mshonaji kwamba hatua hiyo hairukwi. Kisha akaipindua mashine na kutoa betri. Betri ilikuwa imevimba katikati kama tumbo la aliyeshiba.

"Nani aliyeianika juani?"

"Shemeji."

"Mwambie shemeji ana bahati, na nyumba yenu ina bahati. Betri ikivimba haianikwi, haitobolewi, haibonyezwi ikae sawa, wala haitupwi kwenye moto. Inaweza kulipuka moto." Akatoka nayo, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga mkavu uani, mbali na nguo. "Nitaondoka nayo. Kazini tuna chombo cha kukusanyia betri mbovu. Na msiibadilishe kwa betri ya kuokoteza."

Aliporudi alikibonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia huku akihesabu mpaka thelathini. Hakukuwa na betri wala waya.

"Hapo unawasha nini?" aliuliza mshonaji.

"Siwashi. Ninaondoa umeme uliobaki ndani. Mara nyingine hilo peke yake linatosha kuifufua. Chomeka waya sasa, bila betri."

Walijaribu. Taa ikawaka. Ti, ti, ti. Kioo kikabaki cheusi.

Mshonaji alitazama pembeni. Ni yaleyale. Lakini Miwani aliinua kichwa, kwa sababu kutoka kwenye kiti kulisikika kitu. Redio alikuwa amepiga mkono wa kiti mara tatu.

"Mzee amehesabu," alisema Miwani. "Ni mitatu, ndiyo. Mashine ikishindwa kuwaka hujaribu kusema inaumwa wapi. Kila kampuni ina milio yake. Hii ninaifahamu. Ikilia mara tatu, inasema haipati kumbukumbu yake."

"Kumbukumbu zake zimefutika? Maneno yake yote?"

"Hapana, tulia. Maneno yake yanakaa mahali pengine. Hii ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ni kama meza yako ya kukatia. Kitambaa kiko kabatini, lakini bila meza huwezi kukata. Ni kipande chembamba, kimechomekwa ndani. Kinaweza kulegea au kuchafuka."

Alichomoa waya tena. Alitoa bisibisi ndogo mfukoni, akafungua skrubu za chini moja moja, akazipanga kwenye kisahani kwa mpangilio zilivyotoka. Akainua mfuniko.

Penye feni palikuwa pamekaa kitu kama kipande cha blanketi. Miwani alikivuta kwa ncha ya vidole, kikatoka kizima, kizito, laini. Kilikuwa na matabaka. Mshonaji aliyatambua yote. Huu weupe ni gauni la harusi. Wekundu huu ni mapazia. Hii bluu nene ya juu ni sare za shule, msimu wote wa sare. Miezi yote ya kazi yake ilikuwa imekaa kwenye koo la mashine.

"Ni mimi," alisema polepole. "Nimeiua kwa mikono yangu. Na nikaivisha koti juu yake."

"Hukujua."

"Kutokujua hakumrudishii mdomo."

Miwani alikuwa akipapasa mifuko. "Nilikuwa na brashi ndogo. Nimeisahau kazini. Una kitu chochote laini, kikavu, cha..."

Hakumaliza. Redio alikuwa amejinyoosha kutoka kwenye kiti, nusu ya mwili ikining'inia, mkono wa kushoto ukitambaa kitandani. Aliikamata ile brashi ya kinyozi na kumnyooshea.

"Asante, mzee," alisema Miwani, akaipokea. "Hii ndiyo hasa niliyoitaka. Kumbe mwenzangu unajua."

Redio akaonyesha mashine ya kunyolea. Akaonyesha feni. Akaonyesha tena mashine ya kunyolea.

Miwani alimgeukia mshonaji. "Mashine ya kunyolea ikijaa nywele inafanyaje?"

"Inapata moto," alijibu mshonaji. "Inanguruma, halafu inakata. Alikuwa akiipiga brashi kila baada ya kichwa kimoja. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, mashine ikizibwa..."

Akaishia hapo. Aliketi kitandani kama mtu aliyesukumwa. Mkono juu ya koti. Kifungo kilichovutwa. Brashi kwenye kiganja chake, vidole vikakunjwa juu yake. Hakuwa akiaga. Kwa siku kumi na moja mtu huyu alikuwa akiongea kwa nguvu zake zote, na yeye alikaa sakafuni akilia, akamwambia sitaki.

"Nisamehe," alisema. Redio alimwonyesha kwa kidole: kazi iendelee.

Miwani alizuia feni kwa kidole kimoja isizunguke ovyo, akaipiga brashi taratibu mpaka mbavu zake zikaonekana. Punje mbili za mchele zilianguka. Hakusema kitu kuhusu shemeji. Kisha akagusa chuma cha miguu ya cherehani, ili kutoa umeme wa mwilini kama alivyoeleza, akachomoa kipande cha kumbukumbu. Kilikuwa chembamba kama rula fupi, na ukingoni kilikuwa na meno ya rangi ya dhahabu yaliyofifia.

"Una ufutio wa penseli?"

Mshonaji alisimama. Begi lake la darasani lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, halijaguswa tangu mashine ilipozima. Akatoa ufutio wake, umelika upande mmoja kwa makosa yake ya herufi. Miwani aliyasugua yale meno kwa wepesi, upande huu na upande ule, mpaka yakang'aa. Akapangusa mabaki ya ufutio kwa brashi, akakirudisha kipande mpaka kikalia tak.

"Chomeka."

Mshonaji alichomeka waya. Miwani alibonyeza.

Ti, ti, ti.

Redio alifumba macho. Mshonaji alihisi kitu ndani yake kikifungwa, kama duka lililofunga mlango mchana. Alitamani Miwani achukue ovaroli yake mbovu aende zake, asimwache hapa anatumaini tena.

"Chomoa," alisema Miwani.

"Basi tu, fundi. Umejitahidi."

"Chomoa, nimesema. Ina nafasi mbili. Huenda iliyolegea ni nafasi yenyewe."

Alikihamishia kipande upande wa pili. Tak. Akabonyeza kitufe.

Mashine ililia mara moja tu. Feni ikaanza kuvuma, sauti nyepesi ambayo hawakuwahi kuisikia. Kioo kilibaki cheusi, kwa muda ambao mtu angeweza kutia uzi kwenye sindano. Kisha kikawaka.

Mshonaji alijifunika mdomo kwa futi yake ya kupimia.

Miwani alifunga mfuniko, akatafuta kitu kigumu, akachukua ubao wa kupigia pasi mikono ya mashati. Akauweka mapajani mwa Redio, na mashine juu yake. "Siyo juu ya mto. Mto unaziba. Ubao, meza, kitabu, chochote kigumu." Akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, akasogea.

Kidole cha kushoto kilishuka. Mshonaji alisimama nyuma ya kiti, mahali pake. Siku kumi na moja hakusoma, akaogopa kwamba herufi zimemtoroka.

"I-na..." alisoma. "I-na... jo-to."

Akaisoma tena, sasa kwa mkupuo. Mama, hii mashine ina. Ina joto. Redio alikuwa amemalizia sentensi yake.

Alicheka huku analia, akamshika mumewe kichwa kwa mikono miwili. Redio alijitoa, kwa sababu alikuwa bado anaandika.

"Si-na... nja-a... ya cha-i... ya-ko... le-te... cha-ku-la."

"Haya, Redio iko hewani," alisema Miwani, akaanza kuitafuta miwani yake iliyokuwa usoni. Alipoipata alikuwa mtu wa kazi tena. "Sasa nisikilizeni wote wawili. Jioni mnaizima mpaka taa izimike, ndipo mnafunika. Kila Jumamosi, ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, mzee anaipiga brashi matundu. Hiyo kazi ni yake, anaijua kuliko mimi. Haina betri sasa, kwa hiyo umeme ukikatika, nayo inakatika hapohapo. Ahifadhi anachoandika mara kwa mara. Na mimi nitaleta flashi, tunakili maneno yake yote, yakae mahali pawili."

"Itaishi muda gani?" aliuliza mshonaji.

"Imezeeka, fundi, na imepata joto sana. Inaweza kukaa mwaka. Inaweza kukaa wiki. Sikudanganyi."

Furaha ilimshuka mshonaji, akainamisha kichwa. "Na siku hiyo ikifika, tunarudi ukutani?"

Miwani aliokota bisibisi yake. "Siku hizi kumi na moja, alichokosa ni mashine, au ni herufi?"

"Sijakuelewa."

"Mkono wake hauwezi kuandika, lakini unaweza kuonyesha. Umemwona. Ungeandika herufi kubwa kwenye kadibodi, yeye anaonyesha kwa kidole, wewe unasoma. Kadibodi haipati joto."

Hakuna aliyewahi kuwaza hilo, si mke, si shemeji, si binti. Mshonaji alijiona mjinga, akauma mdomo. Lakini alilitazama lile koti lililolala kitandani, tupu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kifumulio.

Alifumua koti lote. Akatoa sponji, akafua kitambaa, akakinyoosha kwa pasi. Kwa uzi mnene mweupe alitarizi herufi ishirini na nne, kila moja kubwa kama kiganja cha mtoto, zikiwa zimeachana. Vile vifungo vinne aliviacha. Kimoja kilikuwa ndiyo, kimoja hapana, kimoja maji, na cha nne naumwa. Alirudi darasani, na mwalimu wake alipokiona kitambaa hicho alikishika kwa muda mrefu kabla ya kumrudishia.

Jumanne moja mchana umeme ulikatika. Redio alikuwa katikati ya neno. Kioo kikawa cheusi, kama siku ile ya kwanza. Mshonaji alikuwa na pini tatu mdomoni, anapindia ovaroli mpya ya Miwani. Aliacha yote, akachukua kitambaa, akakitandaza kwenye mapaja ya mumewe.

"Haya, sema," alisema kwa meno yaliyobana pini.

Redio alikiangalia kitambaa. Aliitambua ile bluu ya sare. Jicho moja likafinyika, lile la zamani la kukonyeza. Kidole kikaanza kutembea, herufi moja, nyingine, kikitetemeka, kikisubiri macho ya mkewe yafike.

"Hi-ki..." alisoma mshonaji. "U-si-ki... u-si-ki-vi-she... ko-ti."

Pini zote tatu zilimtoka mdomoni. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, palepale alipolia. Redio hakungoja amalize. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye herufi nyingine.